Mguu Ambao Hakuna Aliyeula

Siku Ketsia alipoonyeshwa picha ya mfupa wake alikuwa na miaka kumi na tisa, na kwa miaka minane alikuwa ameamini kwamba bibi yake ndiye aliyemla mguu.

Ilikuwa mwaka 2014, katika hospitali moja ya misioni mjini Bunia. Daktari wa mifupa aitwaye Yves alikuwa amekuja kutoka Goma kwa majuma mawili, na tangu alfajiri baraza lilijaa watu: watoto wenye nyayo zilizogeuka ndani, wazee wenye magoti yaliyogoma, mwanaume mmoja ambaye risasi ilimwachia mkono uliokauka. Ketsia alifika kwa sababu mama yake, Faida, alimsihi mpaka akachoka kukataa. Hakutazamia kitu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kuume kwa upana wa vidole vitatu na zaidi. Sokoni, alikouza maharage na viazi kutoka Kpandroma, walimwita Panda-Shuka, kwa jinsi bega lake lilivyopanda na kushuka akitembea. Aliyelitamka jina hilo mbele yake aliondoka bila maharage. Mmoja aliondoka na alama ya kopo la kupimia kwenye paji la uso.

Dokta Yves aliipachika picha kwenye kioo chenye taa, akaweka ncha ya kalamu juu kidogo ya goti.

"Mufupa ya mutoto inakomalia hapa," alisema. "Kwako, hapa palikufa. Ukiwa mudogo ulipata homa ya nguvu? Paja ikavimba, usaha ikatoka?"

"Nilipata. Tulikuwa mu kambi, mwaka ya vita. Nilikuwa na myaka munane."

"Basi ndiyo, njo ile. Mikrobe iliingia mu mufupa, usaha ikachoma pahali pa kukomalia. Kidonda ilipona, lakini tangu pale mguu moja iliendelea kukomaa, ingine ikabakia nyuma. Kila mwaka kidogo, kila mwaka kidogo. Batu wanaona kama inapunguka. Haipunguke. Ni ile ingine njo inaenda mbele."

Ketsia aliitazama ile picha muda mrefu. Halafu akauliza kama mtu anaweza kufanya jambo hilo. Mtu wa nyumbani. Kwa kukushikashika paja, kwa kukuosha na maji ya majani.

"Nani alikuosha?"

"Koko yangu. Mama ya papa."

"Kidonda, nani alikifungua?"

"Yeye. Na wembe."

Daktari alivua miwani. "Batoto mingi ya kambi walikufa na ile usaha. Ilipanda mu damu, wakakufa. Mutu mwenye alifungua ile kidonda na kuiosha kila siku, pengine njo alikuachia uzima."

Kisha akaanza kueleza kwamba mfupa unaweza kurefushwa, kwamba yeye mwenyewe ameshafanya kazi hiyo mara nyingi, kwamba inauma na inachukua karibu mwaka mzima. Ketsia alisikia nusu tu. Alikuwa anaona lori.

Koko Valérie alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ulimi mkali na kidole cheusi kwa ugoro. Vita vya mwaka 2003 vilipoingia mjini, familia ilikimbilia kambi ya mahema karibu na uwanja wa ndege, bila ng'ombe hata mmoja. Félicien, mwanawe, ambaye baba yake na babu yake walikuwa watu wa ng'ombe, alikaa mbele ya hema siku nzima akitazama mikono yake. Ketsia alipowaka homa na paja likawa jeusi na gumu, mstari wa wagonjwa kwenye hema la dawa ulikuwa wa siku mbili. Koko hakungoja. Alichoma wembe kwenye moto, akapasua, akakamua, akaosha kwa maji ya majani yaliyochemka. Akafanya hivyo kila asubuhi kwa miezi mitatu.

Walirudi kwenye parsela, yaani kiwanja chao cha Mudzipela, wakakuta kuta bila bati. Kidonda kilikuwa kimefunga. Lakini Ketsia alianza kuchechemea, na kila gauni aliloshonewa lilining'inia vibaya zaidi kuliko lile la kabla. Félicien alikuwa amepoteza mifugo, amepoteza ndugu, na sasa binti yake alikuwa akipungua mbele ya macho yake. Alitaka sababu. Akaipata kwenye chumba cha maombi cha mtu mmoja aliyejiita Nabii Hippolyte.

Hippolyte alimfungia mtoto siku tatu bila chakula. Siku ya tatu alimsimamisha mbele ya watu na kumwuliza usiku anamwota nani. Ketsia alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alisema anamwota koko. Akaulizwa koko anampa nini katika ndoto. Alikuwa na njaa. Akasema anampa maziwa. Hilo lilitosha: koko ndiye mlozi anayeula mguu. Watu walipiga kelele mpaka vumbi likaanguka kutoka darini.

Juma lililofuata Félicien alitangaza mbele ya majirani kwamba mama yake ni mlozi, na Koko Valérie akapandishwa juu ya lori la mbao linaloelekea Komanda, ambako alikuwa na mjane wa binamu yake. Alikuwa na mkeka, sufuria na furushi. Aliuliza Ketsia yuko wapi, apate kumuaga. Ketsia alikuwa nyuma ya mlango, na hakutoka. Mwaka 2009 ilikuja habari kwamba mwanamke mzee amekufa. Hippolyte alisema mlozi haliliwi, na nyumbani hakuwashwa hata moto wa matanga.

Kutoka hospitali Ketsia alitembea moja kwa moja mpaka nyumbani. Félicien alikuwa uani, anasuka kamba ya ndama, kwa maana alikuwa ameanza tena na ng'ombe watatu. Ketsia hakumwamkia.

"Papa, koko alikosa nini?"

Félicien aliendelea kusuka. "Nani alikuuliza mambo ya koko?"

"Dokta alinionyesha mufupa yangu. Ni usaha njo iliharibu. Usaha ya kambi. Koko njo aliitoa."

"Dokta anasema yake. Nabii alisema yake."

"Nabii aliona mufupa yangu?"

"Ketsia." Aliweka kamba chini. "Mambo ya ile wakati siye bote tuliacha nyuma. Kama batu ya Bunia wataanza kuulizana, weye ile mwaka ulifanya nini, weye ulimufukuza nani, tutarudi mu vita. Sahau. Siye bote tulisahau."

Amani ya mji ilikuwa hivyo kweli. Magari meupe ya askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu yalipita barabarani, redio ilihubiri upatanisho asubuhi na jioni, na sokoni Ketsia alimpimia maharage mtu ambaye kaka yake ndiye aliyeng'oa bati la nyumba yao. Mtu huyo alimwuliza hali ya mama, naye akajibu kwamba mama ni mzima. Watu waliishi kwa kutouliza. Hilo alilikubali tangu utoto, kama vile mtu anavyokubali mvua. Lakini hili lilikuwa jambo jingine.

"Koko hakufukuzwa na waasi," alisema. "Hakuna mutu mwenye bunduki alikuya hapa. Siye njo tulimupandisha mu kamyo. Siye, batu ya nyumba yake. Na miye njo nilitaja jina yake."

"Ulikuwa mutoto."

"Ndiyo. Weye hukukuwa mutoto."

Félicien aliinuka akaingia ndani. Faida, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, hakunyanyua uso. Tangu siku hiyo Ketsia na baba yake walikula kwenye sahani mbili.

Alipasuliwa Februari mwaka uliofuata, Dokta Yves aliporudi. Daktari aliukata mfupa wa paja katikati, kwa uangalifu ili ngozi nyembamba inayoufunika isipasuke, akapitisha misumari minene sita kutoka nje ya paja mpaka ndani ya mfupa, na kuifunga yote kwenye chuma kirefu kilichokaa ubavuni mwa mguu kama komeo la mlango. Kwenye chuma hicho kulikuwa na parafujo. Walingoja juma moja. Baada ya hapo parafujo ilizungushwa robo ya mzunguko mara nne kwa siku, na kila siku pande mbili za mfupa ziliachana milimita moja, mwili nao ukajaza lile pengo kwa mfupa mpya, laini kwanza, mgumu baadaye.

Aliyemfundisha kuizungusha alikuwa Vahwere, mwanamke wa Butembo aliyehamia Bunia na mume wake mfanyabiashara. Kazi yake ilikuwa mazoezi ya viungo. Pale hospitali walimwita kine. Alikuwa na mikono mipana na hakuwa na huruma ya maneno.

"Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita, saa kumi na mbili magaribi, na mbele ya kulala," alimwambia, akimpa ufunguo mdogo wa chuma. "Ukizungusha mingi ili umalize mbio, mufupa haitajaza. Ukisahau, itafunga mbele ya wakati na watakukata tena. Na goti, utaikunja kila siku. Nyama ya paja haitaki kurefuka. Inavuta goti. Ukiliacha, utapata mguu murefu wenye haukunji, kama kijiti."

Siku za kwanza Ketsia alidhani wamemtia hofu bure. Juma la tatu nyama ilianza kukaza. Ilikuwa kama watu wawili wanaokamua nguo mbichi, mmoja ameshika huku, mwingine kule, nawe ndiye nguo. Usingizi ulikatika. Tundu la msumari wa pili likawa jekundu na kutoa maji, akaanza dawa za sindano. Na kila siku asubuhi na alasiri Vahwere alimshika kifundo cha mguu, akasukuma goti likunje.

Ketsia alitukana. Alimtukana Hippolyte na chumba chake. Alitukana vita, wembe, mstari wa hema la dawa. Alimtukana baba yake kwa maneno ambayo wagonjwa wa vitanda vya jirani walijifanya hawayasikii. Siku moja alilia kwa hasira, akamtukana mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyesema ndoto ya maziwa.

Vahwere hakusimama. "Tukana," alisema. "Lakini kunja."

Alikunja. Mara nne kwa siku alizungusha, na hakusahau hata mara moja. Wengine katika chumba kile walisema ni uvumilivu. Haukuwa uvumilivu. Alikuwa anaidai kila milimita kwa jina la mtu aliyeshushwa Komanda na mkeka mmoja. Kwenye picha za kila juma pengo lilionekana kwanza jeusi, kisha kama ukungu, kisha kama maziwa yaliyomwagika ndani ya maji.

Félicien alifika mara mbili. Mara ya kwanza alisimama mlangoni, akauliza kama analala, akaenda. Mara ya pili aliweka juu ya kitanda chupa ndogo ya mafuta yaliyoombewa na Hippolyte. Alipoondoka, Ketsia alimpa Vahwere ile chupa, na Vahwere akayatia mafuta kwenye magurudumu ya kigari cha wagonjwa, yaliyokuwa yakilia tangu Pasaka. Yalinyamaza.

Baada ya siku hamsini na tano walisimamisha parafujo. Chuma kilibaki miezi mingine sita, mfupa ukomae. Kilipotolewa, Novemba, mguu ulikuwa umepata sentimita tano na nusu. Nusu sentimita iliyobaki ilifichwa na kipande cha ngozi ndani ya kiatu. Goti halikukunja mpaka mwisho, na halitakunja. Kufikia Pasaka ya 2016 Ketsia aliweka magongo chini akatembea kutoka Mudzipela mpaka sokoni, na bega lake halikupanda wala kushuka.

Ndipo baba yake alipomwomba aje kumshukuru Mungu.

"Jumapili moja tu," alisema. "Mungu njo alisaidia mikono ya dokta. Au siyo?"

Faida naye alimwomba. Ketsia aliona hakuna ubaya katika kumshukuru Mungu. Alivaa gauni la kitenge, akaenda.

Chumba cha maombi kilikuwa kimekuwa jengo la matofali lenye vipaza sauti na jenereta. Hippolyte alikuwa amenenepa. Alimwita Ketsia mbele, akamtembeza huku na huku watu wakipiga makofi, kisha akamshika bega.

"Munamukumbuka huyu mutoto? Mguu iliyoliwa, Bwana ameirudisha. Myaka kumi ya maombi, hapa hapa. Na mujue siri. Mwenye aliikula alipokufa, mguu ikaachiliwa."

Watu walishangilia. Ketsia aliwatazama. Baba yake alikuwa benchi la kwanza, ameinamisha kichwa. Ketsia alinyoosha mkono akachukua kipaza sauti, na Hippolyte, akidhani ni ushuhuda, alimwachia.

Ketsia alipandisha pindo la gauni mpaka juu ya goti, makovu yakaonekana, sita, yamejipanga ubavuni mwa paja.

"Muangalie," alisema. "Hapa misumari iliingia. Dokta Yves wa Goma alikata mufupa yangu. Miye nilizungusha parafujo mara ine kila siku, siku hamusini na tano. Vahwere alinikunja goti mpaka nikapoteza sauti. Ile siku bote, hapa hakukuya hata mutu moja wa hiki chumba kuniletea chai. Leo munasema ni maombi."

Hippolyte alicheka kidogo, akampa ishara mpiga kinanda.

"Mguu yangu hakuna mutu aliikula. Ilikuwa usaha. Koko yangu alinikamua ile usaha na mikono yake, nikapona. Munamuita muloji. Ni huyu," akamwonyesha Hippolyte kwa kidole, "alinifungia siku tatu na njaa, nikasema ndoto. Na miye nilikuwa mutoto, na weye ulijua niko mutoto."

Kipaza sauti kilikatwa. Aliendelea bila hicho. Kinanda kilipanda, mtu akaanzisha wimbo, na benchi baada ya benchi waliinuka kuimba, kwa nguvu, macho wameyafumba. Wachache walitoka nje. Ketsia alimaliza maneno yake ndani ya ule wimbo; labda waliomsikia ni watu wa mabenchi mawili. Hippolyte alikuwa anapiga makofi na wengine.

Jumapili iliyofuata chumba kilijaa kama kawaida. Sokoni ilisemwa kwamba Ketsia amerithi roho ya ulozi ya koko yake. Wateja kadhaa walianza kuipita meza yake. Alikodi chumba mtaa wa Nyakasanza, akahamisha kitanda na sufuria zake, na baba yake hakumwuliza anakwenda wapi.

Ilikuwa Septemba, kabla ya saa sita, Félicien alipofika sokoni. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alisimama mbele ya meza kama mteja.

"Miye natoka Komanda," alisema.

Ketsia alikuwa anampimia mwanamke mmoja maharage. Hakuacha.

"Nilimukuta ule mujane. Angali muzima, anauza mihogo pahali kamyo zinasimama. Alinionyesha kaburi." Alipangusa vumbi usoni. "Anasema mama alikuwa anakaa pale barabarani kila siku. Anauliza kila shofere, kule unatoka kuko dokta wa mifupa? Niko na mujukuu, mguu yake iko mbaya. Shofere moja alimuambia, ndiyo, iko. Mama akamutuma huku Bunia na jina ya hospitali mu karatasi."

Maharage yalikuwa yanamwagika nje ya kopo.

"Karatasi ilifika," Félicien alisema. "Mwaka mbili elfu na munane. Nilipeleka kwa Hippolyte. Alisema ni mutego. Nikaichoma."

Mwanamke mteja alirudi nyuma hatua moja. Ketsia aliweka kopo mezani. Mwaka 2008 alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mguu ulikuwa umebaki nyuma nusu tu ya ulivyokuja kubaki. Koko alikuwa hai.

"Sema tena," alisema.

"Ketsia."

"Sema tena. Kwa nguvu. Hawa bote wasikie." Alionyesha safu yote ya wauza vyakula, kuanzia mama Aimée wa unga mpaka wauza samaki. "Ile siku ya kamyo ulisema mbele ya batu. Leo pia sema mbele ya batu."

Félicien aligeuka. Alikuwa mtu wa miaka karibu sitini, aliyezoea kusema chini. Sauti yake ilitoka imepasuka, lakini ilisikika.

"Mama yangu Valérie hakukuwa muloji," alisema. "Alimuponyesha mutoto wangu. Miye njo nilimufukuza. Alituma jina ya hospitali, nikachoma."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Aimée alifunika unga wake kwa kitambaa, bila sababu. Ketsia alisogeza kigoda chake kwa mguu, ule wa kushoto, mpaka upande wa baba yake.

"Kaa," alisema. "Umetembea mbali."

Alikaa. Ketsia alirudi kwa mteja, akakusanya maharage yaliyomwagika, akapima upya. Hakumwambia baba yake kwamba amemsamehe. Hakuwa amemsamehe, na mpaka leo anayemwuliza humjibu hivyo hivyo.

Félicien hakurudi tena kwa Hippolyte. Hippolyte naye hakupungukiwa. Wengine walikalia benchi la Félicien.

Kila Alhamisi Ketsia hufunga meza mapema na kwenda hospitali, kwa sababu Vahwere alimwomba azungumze na wale wanaoanza matibabu. Huja mtoto aliyezaliwa na paja fupi, au aliyevunjika akaunganishwa vibaya na fundi wa kienyeji, au aliyeoza mfupa kama yeye. Hukaa na wazazi kwenye baraza. Wao hutaka kujua kama inauma, na ni miezi mingapi. Yeye huwaambia wangoje, hayo atawajibu. Kwanza huwatazama mmoja mmoja, baba, mama, shangazi aliyewasindikiza.

"Kule nyumbani," huwauliza, "mulimusingizia nani?"